Kupata Kikao cha Kuacha Pombe Karibu Nawe: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kutafuta Hadi Kuketi Kitini

Anwani ya kikao si kitu kigumu kupata. Ugumu uko kati ya anwani na kiti. Mtu ana orodha kwenye simu, kachagua kikao, kafika hadi getini, kakuta mlango wa mbele umefungwa, kageuza. Wiki inayofuata hana tena nguvu ya kujaribu. Wengine hufika saa ambayo siyo. Wengine hupiga namba waliyoiona mtandaoni wakaangukia kwa muuzaji wa matibabu ya gharama kubwa. Na wako wanaoingia, wakakaa dakika kumi, wakaona “hawa si watu wa aina yangu”, wakatoka bila kujua kwamba kikundi cha mtaa wa pili kina sura nyingine kabisa.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba matundu hayo moja baada ya jingine. Kutafuta na kupiga simu huchukua kama saa moja. Ifanye kazi hiyo asubuhi au wakati wowote ambao hujanywa, kwa sababu utahitaji kuandika saa na majina ya mahali bila kukosea.

## Kama mwili wako umezoea pombe kila siku, anza hapa

Kikundi cha kusaidiana si hospitali. Ikiwa unakunywa kila siku, ikiwa asubuhi huwezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja mpaka uzimue kwanza, usikate pombe ghafla peke yako eti kwa sababu kesho una kikao.

Dalili za mwili kukosa pombe huanza kati ya masaa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kupaa. Degedege huweza kutokea ndani ya masaa 48 ya mwanzo. Kuweweseka, homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo hujitokeza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo huua isipotibiwa.

Kwa hiyo mwone daktari kwanza. Mweleze ukweli: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama umewahi kupata degedege ulipojaribu kuacha. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo salama. Ukiona degedege, kuchanganyikiwa au kuona mambo, ni dharura: upelekwe hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe chombo mwenyewe.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: si lazima uwe umeshaacha ndipo uende kwenye kikao. Unaweza kuhudhuria huku bado unakunywa, huku ukiwa kwenye matibabu, au siku moja baada ya kutoka hospitali.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Simu yenye intaneti na salio la kupiga.
- Karatasi na kalamu. Orodha za vikao huchanganya ukizisoma kwenye kioo kidogo. Ukiandika vikao vitatu kwa mkono wako, unaona wazi kipi kinawezekana.
- Ratiba yako ya wiki, ukiwa umeweka alama kwenye saa ambazo kwa kawaida huwa unakunywa. Kikao kinachoangukia saa hiyo kina thamani zaidi, maana kinakupa pa kwenda wakati ule miguu inapotaka kwenda kwingine.
- Mahali pa faragha pa kupigia simu kwa dakika 20.
- Njia ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi hasa. Vikao vingi huisha usiku.

Huhitaji kitambulisho, barua ya daktari, kujiandikisha, ada wala kuwa na dini. Ukidaiwa kimojawapo kabla ya kuruhusiwa kuingia, huenda mahali hapo si kikundi cha kusaidiana bali ni kituo cha matibabu, ambacho kina taratibu zake.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta kikundi cha aina gani

Usipoteze wiki nzima hapa. Dakika kumi zinatosha.

Alcoholics Anonymous, inayojulikana zaidi kama AA, ndiyo yenye vikundi vingi zaidi duniani. Inafuata Hatua 12, yaani programu yake ya kuacha pombe ambayo mwanachama huipitia hatua kwa hatua, nazo humtaja Mungu “kadiri kila mtu anavyomwelewa”. Sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Anayeongoza kikao ni mraibu mwenzako, si mtaalamu, na kwa kawaida mtu akizungumza wengine hawamjibu wala kumkatiza.

SMART Recovery haitumii Hatua 12 wala lugha ya kiroho. Huongozwa na mtu aliyepata mafunzo ya kuendesha kikao, na watu hujadiliana moja kwa moja: nini kilikupa hamu ya kunywa wiki hii, faida na hasara za kunywa ziandikwe kwenye jedwali, mpango wa wiki ijayo uweje. Anayependa kuhoji na kuhojiwa hujisikia nyumbani zaidi huku.

Vipo vingine. LifeRing ni vikundi visivyo vya kidini. Women for Sobriety ni vya wanawake peke yao. Celebrate Recovery ni vya Kikristo waziwazi. Recovery Dharma vimejengwa juu ya mafundisho ya Kibuddha na kutafakari.

Pendekezo letu kwa anayeanza: tafuta AA kwanza, si kwa kuwa inamfaa kila mtu, bali kwa kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa na kikao karibu nawe wiki hiihii. Ushahidi nao upo. Mapitio ya utafiti ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba AA, pamoja na tiba zinazomsaidia mtu kujiunga nayo, huwasaidia watu kuacha kabisa angalau sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na kwa baadhi ya vipimo huzishinda. Ukijua tangu sasa kwamba maombi au lugha ya kiroho itakufukuza, anza na SMART au LifeRing, na AA iwe akiba.

*Umefaulu hatua hii* ukiwa na chaguo la kwanza na la pili kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Tafuta kwenye orodha ya wenyewe

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huandika “kikao cha kuacha pombe karibu nami” kwenye intaneti na kubofya jibu la kwanza. Mara nyingi jibu la kwanza ni tangazo. Zipo tovuti zinazojiita orodha za vikao, zina jina la AA kwa herufi kubwa, lakini namba ya simu iliyoko juu huenda kwa kampuni inayotafutia vituo vya kulipia wagonjwa. Utaijua haraka: anayepokea anauliza bima yako ya afya, jina lako kamili au uwezo wako wa kulipa. AA haiulizi lolote kati ya hayo. Kata simu, endelea.

Fuata mpangilio huu:

1. Tovuti ya aa.org. Ina sehemu ya kutafuta AA kwa eneo. Itakupeleka kwenye ofisi au tovuti ya AA ya mahali ulipo.
2. Programu ya simu ya Meeting Guide. Ni ya bure na inatoka AA yenyewe. Inatumia mahali ulipo kukuonyesha vikao vilivyo karibu na saa zake.
3. Tovuti ya AA ya nchi uliyopo, kwa lugha ya nchi hiyo. Jina lenyewe hutafsiriwa: Ufaransa ni Alcooliques Anonymes, Ujerumani ni Anonyme Alkoholiker, nchi za Kihispania ni Alcohólicos Anónimos. Uliye ugenini ukitafuta kwa Kiingereza peke yake unaweza kuona vikao viwili mahali penye vingi.
4. Kwa SMART Recovery, anza na smartrecovery.org.

Tahadhari kubwa kuhusu Meeting Guide: taarifa zake hupelekwa na ofisi za AA za maeneo. Ofisi ya kwenu isipopeleka, ramani hubaki tupu hata kama vikundi vipo. Ramani tupu haimaanishi hakuna kikao.

Hapo ndipo unaingia kwa watu. Piga simu au nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu, uulize: “Kuna kikundi cha AA au cha kusaidiana kuacha pombe mnachowaelekeza wagonjwa wenu?” Waulize pia washauri nasaha, maofisa ustawi wa jamii na wasimamizi wa nyumba za kurekebisha waraibu. Na muulize mtu mmoja ambaye husahaulika siku zote: mtunza funguo wa majengo ya ibada na kumbi za mtaa. Vikundi vingi hukodi chumba huko, na yeye ndiye anayejua nani hufungua Jumanne jioni. Kikundi kukutania ndani ya kanisa hakukifanyi kuwa cha kanisa hilo.

*Umefaulu* ukiwa na vikao vitano hadi kumi kwenye karatasi, hata kama baadhi ni vya mbali.

## Hatua ya 3: Soma orodha kama inavyotakiwa kusomwa

Saa kwanza. Orodha karibu zote huandika saa kwa hesabu ya Kizungu. Kikao cha 7:00 jioni au 19:00 ni saa moja usiku kwetu, si saa saba. Cha 12:00 ni saa sita mchana. Cha 6:30 asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu. Kosa hili linaonekana dogo mpaka ufike saa saba mchana kwenye ukumbi uliofungwa na kuamini kwamba kikundi kimekufa. Andika saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi yako.

Aina ya kikao. Kikao *cha wazi* humruhusu yeyote kuingia: mraibu, ndugu, mwanafunzi, rafiki aliyekusindikiza. Kikao *cha faragha*, au kilichofungwa, ni cha wenye nia ya kuacha kunywa peke yao. Kama unataka kwenda na mtu, chagua cha wazi. Kama unaogopa kuonwa na watu wasiohusika, cha faragha ni salama zaidi, na wewe unaruhusiwa kuingia.

Herufi ndogo pembeni. Hutofautiana kidogo toka orodha hadi orodha, lakini mara nyingi O ni cha wazi, C ni cha faragha, D ni cha majadiliano, SP ni cha msemaji mmoja anayesimulia safari yake, BE ni cha wageni wapya, M ni wanaume, W ni wanawake, na X ni jengo linaloingilika kwa kiti cha magurudumu. Ukiona ONL, hicho ni cha mtandaoni, kwa hiyo usifunge safari.

Kwa mara ya kwanza, bora ni cha wageni wapya au cha msemaji. Cha wageni kimepangwa kwa ajili yako. Cha msemaji hakikudai useme lolote kwa saa nzima. Cha kusoma kitabu au kuchambua hatua moja si kibaya, ila ukiingia katikati unaweza kujiona umekaa darasa lililoanza bila wewe.

## Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kwenda

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa safari. Vikundi huhama chumba, husitisha siku za sikukuu, hubadili saa, na orodha huchelewa kufuata. Simu ya dakika tano humaliza wasiwasi huo, na hukupatia jina la mtu atakayekuwepo.

Namba nyingi za AA hupokelewa na watu wa kujitolea. Isipopokelewa, acha ujumbe mfupi wenye jina la kwanza, namba na saa ambazo ni salama wao kukupigia. Kama simu yako hushikwa na wengine nyumbani, liseme hilo pia, ili wasijitambulishe kwa jina la AA kwa asiyehusika.

Maneno yakikukauka, soma haya:

“Habari za leo. Natafuta kikao cha kuacha pombe na sijawahi kuhudhuria. Nimeona kuna kikao Alhamisi saa moja usiku. Bado kipo? Mnaingilia mlango upi? Na je, yuko mtu anayeweza kunipokea nikifika?”

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Ni desturi ya AA kumtafutia mgeni mwanachama wa kumpokea mlangoni, na mara nyingine wa kwenda naye. Ukiwa mwanamke omba mwanamke, ukiwa mwanamume omba mwanamume. Hawatashangaa, ndivyo wanavyofanya wenyewe.

Uliza pia lugha ya kikao na kama kuna ngazi, ikiwa hilo linakuhusu.

Hutaulizwa jina la ukoo. Ukiulizwa kama umekunywa leo, jibu ukweli. Lengo ni kujua kama uko salama, maana anayepokea anaweza kukushauri hospitali kwanza.

*Umefaulu* ukiwa na mambo manne yaliyothibitishwa na sauti ya mtu: siku, saa, mlango, na jina la kwanza la atakayekuwepo.

## Hatua ya 5: Chagua vikao vitatu, si kimoja

Kikao kimoja kikiharibika, mpango wote umeharibika. Chagua vitatu ndani ya siku saba, vya vikundi tofauti ikiwezekana, na cha kwanza kiwe ndani ya masaa 48 tangu sasa. Ukikiweka wiki ijayo, unaipa hamu ya kunywa siku saba za kukubembeleza.

Panga njia ambayo haipiti mlangoni kwa mahali unapokunywa, hata kama inaongeza dakika kumi. Kula kabla ya kutoka. Njaa, hasira, upweke na uchovu ndivyo vitu vinne ambavyo waraibu wazoefu huonya kwamba huamsha hamu, na njaa ndiyo rahisi kuitibu. Panga na cha kufanya saa moja baada ya kikao, kwa sababu saa hiyo huja na hisia nyingi: kuoga, kumpigia ndugu, kulala.

Kuhusu kuwaaga watu nyumbani: si lazima useme unakokwenda. “Nina kikao, nitarudi saa tatu” ni kauli ya kweli.

## Hatua ya 6: Mlangoni

Fika dakika 15 kabla. Ukifika kwa wakati kamili utaingia watu wote wakiwa wameketi, wakakugeukia, na hilo peke yake limewarudisha wengi nyumbani. Ukifika mapema utakuta watu wawili watatu wanapanga viti na kuchemsha maji. Ukimuuliza mmoja wao “Hapa ndipo?”, kazi imekwisha.

Lango kuu likiwa limefungwa, usigeuze. Zunguka jengo. Vikao huwa kwenye vyumba vya nyuma, vya chini au vya juu, na alama yake mara nyingi ni karatasi tu iliyobandikwa yenye herufi AA, au pembetatu ndani ya duara. Angalia taa ilipo na watu waliosimama nje wakiongea. Piga ile namba ya Hatua ya 4. Ikipita dakika 20 bila mtu, kikao hakipo leo. Nenda kwenye cha pili kilichoko kwenye karatasi yako, kesho.

Umekunywa njiani? Vikundi vingi vitakuruhusu uingie na usikilize, ila vitakuomba usizungumze siku hiyo. Usilete pombe ndani, na usiendeshe.

## Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Kikao huchukua dakika 60, vingine 90. Mwenye zamu hufungua kwa kusoma maelezo mafupi ya kikundi. Kisha anaweza kuuliza kama kuna mgeni. Ukitaka, inua mkono. Ukisema hivi inatosha kabisa:

“Naitwa Asha. Ni mara yangu ya kwanza. Leo nitasikiliza tu.”

Si lazima useme “mimi ni mlevi”. Utawasikia wengine wakijitambulisha hivyo, na ipo siku unaweza kutaka, lakini hakuna anayekudai. Zamu ikikufikia, sema “napitisha”, itasogea kwa jirani.

Kikapu kitapita. Ni kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama. Mgeni anaweza kukipitisha bila kuweka kitu, na hakuna anayetazama.

Utaona mtu akipewa sarafu ndogo ya kumbukumbu na wengine wakimpigia makofi: masaa 24, siku 30, mwaka mmoja. Vikundi vingi humwalika mgeni achukue ya siku ya kwanza. Kuichukua si kiapo.

Mwishoni baadhi husimama na kushikana mikono kwa sala. Unaweza kusimama kimya, au kubaki umeketi.

Kuhusu siri, ielewe sawasawa. Desturi ni kwamba unayemwona na unayoyasikia hayatoki humo, na kwa ujumla watu huiheshimu kwa sababu kila mmoja ana la kupoteza. Lakini hakuna aliyefungwa na sheria kama daktari au wakili alivyofungwa. Mambo yanayoweza kukupeleka mahakamani mwambie wakili, si chumba chenye watu 20. Usipige picha, wala kurekodi.

Kama mahakama au mwajiri amekutaka ulete uthibitisho wa mahudhurio, mpe katibu fomu kabla ya kikao kuanza. Kila kikundi huamua chenyewe kama kitasaini, kwa hiyo uliza hili mapema kwenye simu ya Hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Dakika kumi baada ya kikao

Ukiweza kufanya jambo moja tu siku hiyo zaidi ya kukaa, fanya hili: usikimbie. Baki dakika kumi. Saidia kukunja viti, kwani mikono ikiwa na kazi mazungumzo huwa mepesi.

Omba namba mbili za simu kutoka kwa watu wa jinsia yako walioacha kwa muda mrefu. Kisha ipigie mojawapo kesho yake, hata kama huna la kusema. “Ni Asha wa jana, najaribu tu kama simu inaita.” Sababu ni hii: siku utakayoihitaji kweli, saa tano usiku, kidole hakitaigusa namba ambayo hakijawahi kuigusa.

Baadaye utasikia habari za mdhamini, yaani mwanachama mzoefu anayekuongoza kwenye Hatua 12. Usikurupuke. Mtafute mtu mwenye maisha unayoyatamani na anayepokea simu.

Sasa yale ya kuyakataa, tena bila haya:

Anayemsogelea mgeni kwa mapenzi. Mtu aliye wiki ya kwanza ya kuacha pombe yuko dhaifu, na wapo wanaolijua hilo. Ondoka, umweleze mwanachama mwenye muda mrefu au badili kikundi.

Anayekukopa fedha au kukuuzia kitu.

Anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, iwe ni za msongo, kifafa au za kupunguza hamu ya pombe kama naltrexone, acamprosate au disulfiram. AA haina msimamo wa kitabibu, na mwanachama si daktari. Kuacha baadhi ya dawa ghafla ni hatari.

## Hatua ya 9: Jaribu vikao sita kabla ya kuhukumu

Kila kikundi kina tabia yake. Kimoja kina wazee watulivu, kingine vijana wa kucheka, kingine kinasoma sana, kingine kinaongea sana. Mkutano wa kwanza haukuonyeshi yote hayo. Siku hiyo nusu ya akili yako iko kwenye mlango.

Hudhuria vikao sita, katika angalau vikundi vitatu, ndani ya wiki tatu. Baada ya kila kimoja andika mistari miwili: nani alisema jambo linalonihusu? Nilitoka mwili ukiwa mwepesi au mzito? Kikundi chenye majibu mazuri mara mbili mfululizo, kifanye chako, uende kila wiki siku ileile. Kama vyote sita vimekukataa moyoni, rudi Hatua ya 1, chukua chaguo la pili.

Utasikia ushauri wa vikao 90 ndani ya siku 90. Ni ushauri wa desturi, si sharti. Mwenye nafasi aufuate, maana miezi mitatu ya mwanzo huteleza sana. Mwenye watoto wadogo na zamu za usiku achanganye vya ana kwa ana viwili kwa wiki na vya mtandaoni siku nyingine.

## Kama kweli hakuna kikundi karibu

Vikao vya mtandaoni vya AA vimeorodheshwa kwenye aa-intergroup.org, kutoka duniani kote, usiku na mchana. SMART Recovery nayo ina vyake. Kabla ya kuingia, badili jina linaloonekana kwenye programu ya mkutano libaki la kwanza tu, kwa sababu mara nyingi jina kamili hujitokeza lenyewe. Kamera unaweza kuizima. Vaa visikilizi vya masikioni kama nyumba ina watu. Hakikisha saa iliyoandikwa ni ya eneo lako na si ya nchi kikao kilipo. Hapa tena hesabu saa mara mbili.

Mtandaoni hupati kile cha kukunja viti. Kijaze kwa kuomba namba za watu kwenye sehemu ya maandishi na kuwapigia.

Na kuna njia ya tatu. Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi. Ukimpata mraibu mwenzako mmoja kupitia hospitali au mshauri, kubalianeni siku moja, saa moja, chumba kimoja, kisha wasilianeni na ofisi ya AA iliyo karibu au kupitia aa.org mpate vitabu na mwongozo wa kuendesha kikao. Shikeni siku hiyo hata akija mmoja. Vikundi vichanga hufa kwa kubadilibadili saa.

## Kwa mke, mume, mzazi au mtoto wa anayekunywa

Huwezi kumburuta mtu hadi kitini, lakini unaweza kwenda wewe. Al-Anon ni vikundi vya ndugu na marafiki wa wanywaji, na Alateen ni vya vijana wenye ndugu au rafiki anayekunywa. Hutafutwa kwa njia kama ya Hatua ya 2, ila kwenye tovuti yao wenyewe, al-anon.org, na unaweza kwenda hata kama mgonjwa wako amekataa katakata. Kwa AA, mfanyie kazi za pembeni: andika vikao vitatu kwenye karatasi, mpe asubuhi akiwa hajanywa, na ujitolee kumsindikiza kwenye kikao cha wazi. Simu ya Hatua ya 4 mwachie aipige mwenyewe; umkalie tu pembeni.

## Ukinywa tena kati ya kikao na kikao

Nenda kwenye kikao kinachofuata cha ratiba yako, usisubiri “ujisafishe kwanza”. Ukiwa umekunywa kwa siku kadhaa mfululizo, rudi kwanza kwenye onyo la daktari lililoko juu, kwa sababu kutetemeka kwa safari hii kunaweza kuwa kukali kuliko kwa mara iliyopita. Hakuna atakayekufuta kwenye orodha, maana hakuna orodha. Zamu ikikufikia, na ukitaka kusema, inatosha hivi: “Naitwa Asha. Nilikunywa Jumamosi. Leo ni siku ya tatu.”